Wajomba Watano wa Tshenolo

Kwa miaka sita Boitshepo alikuwa akipiga picha za pasipoti katika kibanda chake karibu na ofisi za serikali, mjini Kanye. Harusi hakuwahi kupiga hata moja. Rafiki yake Wabotlhe alipomwomba ampigie ya kwake, alikubali, kisha wiki nzima akawa anaota betri zinamwishia.

Asubuhi ya harusi, wajumbe wa bwana harusi waliingia uani kwa akina Wabotlhe kuomba mke rasmi. Walikuwa wanaume watano, kila mmoja na koti lake ingawa jua lilishaanza kuchoma. Aliyetangulia alikuwa mzee mrefu mwenye kovu juu ya nyusi. Alijitambulisha kuwa mjomba wa bwana harusi, Tshenolo, yaani mdogo wa marehemu mama yake, kutoka mji wa Maun.

Boitshepo akashusha kamera. Alimjua mzee huyu. Mwezi uliopita alikuja kibandani kupiga picha ya leseni ya teksi, umeme ukakatika, wakapiga soga karibu saa nzima. Alisema yeye ni wa Lobatse, na Maun hajafika maishani mwake.

Tangu hapo kila kitu kilimtia shaka. Mmoja wa wajomba alimwita bwana harusi "Tshepo," mwenzake akamkanyaga mguu. Wakati wa kula walijitenga wakiwa na sahani zao za nyama ya kupondwa, wakinong'ona. Matapeli hawa, Boitshepo akawaza. Na huyo Tshenolo pengine ana mke kwingine.

Shangazi wa bibi harusi, Seipone, naye alikuwa hatulii. Alimvuta Boitshepo nyuma ya hema.

"Hebu nione hizo picha. Huyo mjomba na mpwa wake, wanafanana wapi?"

"Kwa kweli, shangazi..."

"Pua zenyewe hazijuani! Kazi yako si nyuso? Niambie."

"Niache nizitazame vizuri kwanza."

"Basi fanya upesi. Kabla ya keki nataka jibu."

Boitshepo alimkuta mzee peke yake kando ya ukuta, akijipepea.

"Mzee, leo teksi umemwachia nani?"

Mzee alimtazama, akaitazama na kamera, mabega yakamshuka. "Kumbe ni wewe, binti wa picha."

"Nani amekutuma?"

"Punguza sauti, mwanangu." Akamweleza. Tshenolo aliokotwa akiwa mchanga, akalelewa kwenye kituo cha yatima. Hakuwa na mjomba wala binamu, na ukweni hakuna anayesikilizwa akija peke yake. Kila siku alikwenda kazini kwa teksi ya mzee. Siku moja akamwomba, huku anaona haya, awe mjomba wake. Mzee akawachukua madereva wenzake wanne.

"Na Wabotlhe umemdanganya pia?"

"Kamuulize mwenyewe."

Wabotlhe alikuwa chumbani akibadilisha gauni. Aliposikia swali, alifunga mlango.

"Najua tangu mwanzo. Ningekuambia, lakini uso wako haufichi kitu."

"Baba yako akijua?"

"Baba alitaka wajomba. Si hao hapo?"

Boitshepo alitoka amekasirika. Aliona ametiwa katika uongo wa watu bila kuulizwa. Lakini alipowapanga upande wa bwana harusi kwa picha ya familia, alimwona Tshenolo akimnyoosha mzee kola, kisha akimpangusa vumbi begani. Shangazi Seipone alikuwa tayari amesimama nyuma ya Boitshepo.

"Haya. Jibu?"

"Masikio, shangazi," Boitshepo alisema. "Yatazame masikio yao."

Seipone alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. "Mh," akasema, akaenda kukaa.

Mwaka uliofuata wanandoa waligombana, Wabotlhe akarudi kwa wazazi wake. Baba yake aliagiza mjomba wa mume aitwe. Mzee alikuja kesho yake. Alikaa pale uani tangu asubuhi hadi alasiri, akamgombeza Tshenolo mbele ya wakwe hadi kijana akaomba radhi. Muda wote huo Seipone hakumwondolea mzee macho. Jioni Wabotlhe alirudi kwake na mumewe.

Seipone hajawaamini wajomba wale mpaka leo, ila hajauliza tena.