Taa ya Tatu

Boksi la waifai alilileta mwanangu Denis, lakini aliyelisoma ni mimi. Yeye alilichomeka kwenye umeme na kuniambia niliache liwake tu, halina kazi na mimi. Sikuliacha. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa mtu mzima, baada ya kushinda mashineni Majengo nikisaga mahindi ya watu, na tangu wakati huo sijakubali kitu kikae ndani ya nyumba yangu bila mimi kukielewa. Nilichukua kijitabu chake na kamusi yangu, nikakaa navyo mpaka nikaelewa.

Taa ya kwanza ni ya umeme. Ya pili ni ya mtandao wa nje: ikiwa kijani njia iko wazi, ikiwa nyekundu njia imekatika, hata kama boksi lenyewe ni zima. Ya tatu ni ya simu za humu ndani. Kwenye boksi letu, taa hiyo ikitulia hakuna simu inayovuta kitu. Ikipepesa, kuna simu imeingia na inatumia.

Mke wangu Hilda alilifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio na televisheni. Nikakiondoa. Nikamweleza kwamba boksi linapata joto, na kwamba taa zimewekwa ili zitazamwe. Alicheka, akasema sasa nimepata mtoto wa kuzeeka naye.

Neno la siri nililitunga mwenyewe, nikaliingiza kwa mkono wangu katika simu yangu, ya Hilda na ya Denis, basi. Hata Seth, mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa akishinda kwetu Nkuhungu kama kwao, nilimnyima. Denis alimtania kila siku.

"Wewe endelea kununua bando, bwana. Mzee huyu hata malaika akija na simu atamnyima."

Msimu wa mvua kubwa wote wawili walikwenda Bahi kutafuta mpunga, kila mmoja na pikipiki yake. Seth alirudi peke yake, anachechemea. Alisema waliachana sokoni, Denis akabaki kumsubiri mtu, na yeye akateleza kidogo kwenye tope njiani. Asubuhi wavuvi walimkuta mwanangu mtaroni kando ya barabara, pikipiki iko juu yake, mifuko mitupu. Tuliambiwa aliteleza, na kwamba simu itakuwa imechukuliwa na mpita njia. Tukazika. Seth alishika jembe la kaburi na hakukubali kupokewa. Alilia kutuzidi sisi wazazi.

Siku chache baadaye alikuja kukaa nasi matanga, kama ilivyo ada. Simu yangu nilikuwa nimeizima kwa wingi wa pole, ya Hilda ilikuwa imeisha chaji. Nikatazama ukutani, nikaona taa ya tatu inapepesa.

Nilifikiri boksi limeharibika. Lakini Seth alipoaga na kutoka, taa ikatulia. Aliporudi kesho yake, simu zetu zikiwa bado zimezimika, ilianza kabla hajabisha hodi. Nikawa najua yuko getini kabla mbwa hajajua. Ndipo ikasikika sauti yake: "Shikamoo baba mkubwa." Niliitikia marahaba.

Nilikifungua tena kijitabu. Kinasema wazi kwamba simu ikishapewa neno la siri hailisahau. Ukibadilisha laini, ukibadilisha kava, ikifika karibu na boksi inaingia yenyewe. Sikumwambia Hilda. Sikumwambia mtu.

Kwetu, siku ya kumaliza msiba, kabla ya kugawa nguo, vitu vyote vya marehemu huwekwa juu ya mkeka, na mkubwa wa ukoo huuliza kama kuna mwenye kitu chake akilete. Anayekileta haulizwi alikipataje. Anayekificha siku hiyo, ukoo haumjui tena. Nilimtaka Seth akilete. Niliomba kwa Mungu akilete mwenyewe.

Kaka yangu Matonya, mkubwa wa ukoo, aliuliza mara ya kwanza. Jirani akarudisha pampu ya baiskeli. Akauliza tena, shangazi mmoja akaleta shuka. Akauliza mara ya mwisho, hakuna aliyeinuka. Seth alikuwa anatazama miguu yake. Simu yangu na ya Hilda nilikuwa nimezizima mbele ya watu wote, na ukutani taa ilikuwa inapepesa.

"Seth," nikasema, "nenda mpaka barabarani, kisha urudi."

"Nikafanye nini, baba mkubwa?"

"Ukatembee tu."

Watu wakatazamana. Mmoja alinong'ona kwamba msiba umemwingia mzee kichwani. Seth akatoka. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Wote waliona ninachokitazama, wakatazama nao. Kisha taa ikaanza tena, na baada yake tukasikia ndara zake uani.

Alisimama mlangoni, akaona nyuso zetu zimegeukia wapi. Hakuuliza. Alitoa simu mfukoni, akaivua kava jipya na kuiweka mkekani juu ya shati la Denis. Kona ya kioo ilikuwa na ule ufa niliouzoea.

Desturi ilinifunga mdomo, maana aliileta. Lakini Hilda hakujali desturi.

"Ulipoichukua, mwanangu alikuwa amekufa?"

Seth alikaa chini pale pale kizingitini. Alisema pikipiki yake ndiyo iliyomgonga Denis kwa nyuma, walikuwa wanashindana kwenye tope. Simu yake mwenyewe ilivunjika palepale.

"Alinipa yake, mama mkubwa. Alisema nimpigie baba." "Niliishika. Nikaogopa kwamba mtauliza nani amemgonga."

"Alikuwa anaongea," Hilda akasema.

"Alikuwa anaongea."

Hakuna aliyelia. Matonya aliokota fimbo yake. Hilda aliinuka, akaenda kabatini, akatoa kile kitambaa cha kufuma na kulifunika boksi, akakinyoosha vizuri kwenye pembe zote.

Safari hii sikukiondoa. Chini ya nyuzi nyeupe taa ya tatu iliendelea kupepesa. Simu ya mwanangu ilikuwa imefika nyumbani, na hapakuwa na mtu aliyenyoosha mkono kuizima.