Namba Iliyosimama Tuli

Ukiwa na mashine nyumbani inayokupa namba, usifurahi kwa sababu tu namba ni nzuri. Itazame kama inacheza. Mama Wasiwasi alilijua hilo kwa jasho, na majirani zake kumi na mmoja nusura walijue kwa machozi.

Jina hilo alipewa na binti yake mwenyewe kwa utani, mtaa ukalidaka. Hakuwa akilala bila kutikisa kitasa mara tatu. Ndiyo maana binti, ambaye ni fundi wa kompyuta, alipogeuza stoo ya nyuma kuwa chumba cha kuangulia vifaranga, kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa kufuli.

"Mama, nakuomba sana, huko ndani usiingie. Ukifungua tu, joto linatoka."

"Sasa mayai ataangalia nani?"

"Kompyuta."

"Kompyuta imewahi kuzaa?"

"Mama!"

"Nauliza tu, mwanangu."

Mle ndani mlikuwa na kabati la mbao lenye mayai mia tatu. Waya mwembamba wa kupima joto ulitoka kabatini ukachomekwa kwenye tundu la USB, ubavuni mwa kompyuta kuukuu. Waya ulisema joto ni kiasi gani. Likipungua, kompyuta iliwasha hita, likitosha, iliizima. Kila saa ujumbe uliingia kwenye simu ya binti na ya mama: joto, na maneno "yote sawa". Hakuna aliyehitaji kukaa pale kulinda.

Mayai yenyewe yalikuwa ya wale majirani kumi na mmoja. Mshonaji wa nyumba ya pili peke yake alileta arobaini, kila moja amelitia alama ya chaki ya kushonea, asije akabadilishiwa. Yote yaliletwa kwa neno la binti: "Nileteeni, sitawaangusha."

Siku ya kumi na nne binti alikuwa mji mwingine kikazi, mwendo wa nusu siku. Mama yuko kwenye beseni la nguo, simu ikalia. Saa mbili asubuhi: 37.6. Saa tatu: 37.6. Saa nne, akafuta povu mkononi, akasoma tena: 37.6.

Jana yake ilikuwa inapanda na kushuka kidogo kidogo. Mama aliishia darasa la saba, lakini watoto wanne amewalea, na hajawahi kuona kiumbe hai ambaye joto lake halitikisiki hata chembe. Akapiga simu.

"Mama, hiyo ndiyo namba bora kuliko zote. Unataka nini tena?"

"Nataka itikisike."

"Kunywa chai, Mama wangu. Upumzike."

Mama hakunywa chai. Alikwenda jikoni, akatumbukiza mkono kwenye kopo la chumvi, akatoa ufunguo. Alikuwa ameuchongesha kwa siri siku ya pili tu. Kila asubuhi aliingia mara moja, akachukua yai moja na kulilaza kwenye kope la jicho alilolifumba, kama mama yake alivyomfundisha, kisha akalirudisha. Leo alichelewa, kwa sababu mshonaji alikuja kumsalimia akakaa mpaka maneno yakamwishia.

Akafungua. Akatwaa yai, akalilaza kwenye kope.

Lilikuwa limepoa kama sahani.

Kitaa chekundu cha hita kilikuwa kimezimika. Kioo cha kompyuta kilisema: 37.6, joto limetosha. Akapiga simu tena.

"Mwanangu, niko ndani."

"Ndani wapi? Mama, umeingiaje?"

"Utanigombeza baadaye. Mayai yamepoa."

Alisikia vidole vya binti vikipiga kibodi huko aliko, maana kompyuta ile aliweza kuifungua akiwa mbali. Kisha vikasimama.

"Waya umeganda tangu saa kumi na moja alfajiri. Kompyuta inarudia namba ya mwisho iliyoipata." Sauti yake ikawa ndogo. "Ni mimi niliyeielekeza hivyo. Sikutaka itusumbue kwa kila kikwazo kidogo."

Akaizima na kuiwasha kutoka huko huko. Kioo kikawa cheusi, kikarudi: kifaa hakijibu.

"Haisaidii. Kompyuta ikizimwa, lile tundu bado linapata umeme, kwa hiyo waya haujui kama kuna kilichotokea. Lazima uchomolewe kwa mkono. Mama, ufuate mpaka unapoingia."

"Ngoja kwanza nitoe kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Kile cha kufuma. Niliifunika kompyuta jana, vumbi."

"Mama! Pale ndipo inapopumulia!"

Kichwa cha waya kilikuwa cha moto kama kikombe cha chai. Mama akakichomoa.

"Hesabu mpaka thelathini. Polepole."

"Moja... mbili..." Alipofika kumi na tisa akasema ishirini na tano.

"Mama, unaruka."

"Naogopa."

"Na mimi naogopa. Tuhesabu pamoja."

Wakahesabu. Akachomeka. Kioo kikafikiri, kikatoa 33.9. Mara ikawa 34.0. Hita ikalia tiki, kitaa chekundu kikawaka.

"Ni mbaya," binti akasema, "lakini ni ya kweli."

"Yataishi?"

"Sijui, Mama. Funga mlango."

"Hata kuku huacha kiota akaenda kudonoa," mama akajibu, na hakujua ni nani kati yao anayefarijiwa.

Jioni mshonaji alipita kuulizia mayai yake. Mama angeweza kusema yote sawa, kama ile kompyuta. Akasema, "Yalipoa, tangu alfajiri mpaka saa nne." Mshonaji akavuta kigoda. "Basi nisogezee chai. Tutangoja wote."

Binti aliporudi, hakugombeza sana. Alipachika swichi ndogo tunduni, akaielekeza kompyuta upya: waya ukinyamaza dakika tatu, iukatie umeme palepale tunduni na kuurudisha, ukikataa, isitoe namba yoyote, imwite mama. Kisha akatundika ufunguo wa pili msumarini, mahali pa wazi. "Wa kwenye chumvi umeshaanza kushika kutu," akasema.

Siku ya ishirini na moja, ambayo vifaranga hutoka, kabati lilikaa kimya. Mama alipita mlangoni hata hakumbuki mara ngapi. Siku ya ishirini na mbili asubuhi, mama, binti na mshonaji wakiwa wameinama kabatini, yai lenye alama ya chaki likapasuka ufa mwembamba, na ndani yake sauti ikalia kwa hasira ya kuamshwa.

Yapo ambayo hayakuanguliwa. Lakini kufikia adhuhuri mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba simu ya mama ililia kwa ujumbe wa saa sita, naye hakuisikia.