Masizi ya Mtani

Siku Mama Eliaichi alipofariki nililia machozi ya kweli, kisha nikaingia jikoni kukagua sufuria ipi ina masizi mengi.

Mie ni Mpare, marehemu alikuwa Mchaga, na sie ni watani tangu enzi za mababu. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya vituko, na mfiwa haruhusiwi kununa. Miaka kumi na tisa tumekuwa majirani hapa Goba, tukitukanana kila asubuhi juu ya ua wa michongoma. Tuliahidiana kwamba atakayebaki atamfanyia mwenzake vituko vya kukumbukwa. Ila mie nilikuwa na langu jingine, na lilimhusu mwanawe.

Eliaichi ni mkuu wa sekondari ile ya juu kilimani. Mrefu, mpana, akisimama mlangoni chumba kinaingia giza. Mjukuu wangu Asifiwe anafundisha fizikia hapohapo. Shule ilipewa darubini, ikakaa stoo ikawa nyumba ya mijusi, mpaka Asifiwe alipoiomba. Miezi kumi na minne, kila magharibi, aliipandisha kwenye paa letu la zege, akatazama nyota moja nyekundu kama kaa la moto na kuandika daftarini imeng'aa kiasi gani.

"Bibi, hizo ni nyota mbili," aliniambia.

"Mbona naiona moja?"

"Zimekaribiana mno. Hiyo nyekundu ni jitu. Limezeeka, limevimba, hewa yake imejaa kaboni. Masizi, kama ya sufuria yako. Mwenzake ni kibete cheupe, kidogo kama dunia yetu lakini kizito kama jua. Jitu likipumua, kibete kinavuta ile pumzi, kinajirundikia taratibu. Siku kikizidiwa, kinawaka."

"Basi ni mume na mke, mke mwenzangu. Babu yako alikuwa jitu, mie kibete."

Alicheka mpaka daftari likamdondoka.

Mwezi wa tatu mwaka huu nyota ikawaka. Asifiwe aliiona ikizidi kung'aa jioni nne mfululizo. Akampelekea mkuu daftari agonge muhuri, taarifa iende kwa jumuiya ya watazama nyota huko Ulaya. Mkuu akasema, acha kwanza nilikague. Wiki mbili baadaye bango likasimama getini: Eliaichi na tai yake, ameishika darubini kinyumenyume, na maneno makubwa, MKUU WETU ASHUHUDIA MLIPUKO WA NYOTA. Asifiwe alipouliza akajibiwa, "Mwalimu, kazi ya shule ni ya shule." Darubini akanyang'anywa. Hakupanda tena paani. Mie nikaacha kucheka, na ukiona mie nimeacha kucheka, ujue kuna mtu namtafuta.

Sikuombea kifo, msinielewe vibaya. Lakini kilipokuja, kilinikuta tayari.

Saa tisa mchana ibada ilikuwa imekwisha, jeneza limo garini, mabasi mawili yananguruma tayari kwa safari ya mazishi Moshi. Nikatokea jikoni. Usoni nimejipaka unga wa sembe, mwilini gauni la marehemu, kwapani sufuria ya pilau. Watu wakacheka huku wanalia. Nikaenda nikajilaza chali mbele ya gari la maiti.

"Mwili hautoki! Huyu mwanamke anaondokaje hajanirudishia ungo wangu?"

Mzee Ferdinand, mdogo wa marehemu, akanisogelea. "Mtani, inuka, safari ndefu. Tukupe soda?"

"Meno yamebaki matatu, unataka kuyamaliza?"

"Basi mbuzi."

"Mbuzi wenu namjua. Nyama mnakula nyie, mie mniletee kwato."

Eliaichi akaja mwenyewe, suti nyeusi, shati jeupe, anatabasamia simu zinazorekodi. "Shikamoo, mtani. Sema unachotaka, nakupa mbele ya hawa wote."

Hapo ndipo alipokosea.

"Marahaba, baba. Inama nikunong'oneze."

Akainama. Viganja vyangu vilikuwa vimeshapita chini ya sufuria. Nikampaka kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Vigelegele vikapasua turubai.

"Jamani, hili ndilo jitu la masizi, na mie ndiye kibete!" nikasema. "Ninachotaka ni jina tu. Nani aliitazama ile nyota ya kwenye bango miezi kumi na minne?"

Tabasamu likabaki, macho yakahama. "Bibi, hayo ni mambo ya ofisi."

"Umesema mbele ya hawa wote."

"Tafadhali. Mama yangu yuko juani."

"Mama yako hana haraka. Anasubiri jibu kama mie."

Mzee Ferdinand akatazama saa, akatazama mabasi. "Eliaichi, mpe mtani haki yake. Mwili wa dada yangu haulali Goba kwa sababu ya jina."

Nikaomba kipaza sauti, nikamwekea mdomoni.

"Ni Mwalimu Asifiwe."

"Sijasikia, nina unga masikioni."

"Ni Mwalimu Asifiwe aliyeiona! Mimi nililichukua daftari lake."

"Sasa waandikie hivyohivyo wale wa Ulaya."

Akatoa simu, akaandika barua pepe. Asifiwe, aliyekuwa amejificha nyuma ya kwaya kwa aibu, akaja kusoma kabla haijatumwa. Akamsahihishia tarehe. Mwalimu ni mwalimu.

Nikainuka, nikazunguka nyuma ya gari, nikagonga jeneza mara mbili. "Umesikia? Nenda salama, mwizi wa ungo." Hapo nililia tena, unga ukawa uji.

Eliaichi alikuwa ameshatoa leso. Nikamshika mkono.

"Masizi ya mtani hayafutwi mpaka mzike, baba. Waulize wazee."

Hiyo niliitunga palepale. Nikamtazama Mzee Ferdinand, naye akakohoa, akasema, "Ndivyo ilivyo."

Tukapanda basi la mbele, nikakaa na Eliaichi kiti kimoja. Yeye nikamwachia dirishani, na pazia nikalifunga fundo lisimfiche.