Dunia Ambayo Wepukhulu Hakupanda Lori

Nabwile hakuwa mtu wa kutuma salamu. Neno likimkera, alilifuata kwa miguu yake mpaka kwa aliyelisema. Ndiyo maana Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, mama wa miaka sitini na tatu kutoka Matulo alikuwa amesimama kwa mlango wa stoo ya mahindi huko Kitale, mkoba kwapani, akiuliza kila mbeba gunia Hillary wa Phelista yuko wapi.

Ndani ya mkoba kulikuwa na shati moja la bluu. La mzee wake, Wepukhulu.

Wepukhulu alikuwa ameenda na lori upande wa Sudan, miaka kumi na tisa iliyopita. Lori lilipatikana. Yeye hakupatikana. Na kwao, mtu akipotelea mbali hivyo, kungoja kukiisha, unazikwa mgomba badala yake, ndio naye apumzike na watu wa boma walale. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa wakaamua ni Jumamosi. Shemeji yake Matthew alikuwa ameshakata mgomba wenyewe. Kitu kilichobaki ni nguo, kwa sababu mgomba lazima uvalishwe nguo ya mwenyewe, na nguo inatolewa na mke. Bila shati, huo ni mgomba tu, chakula cha ng'ombe.

Nabwile alikuwa amekatalia shati. Na aliyemkatalisha ni Hillary.

Huyu Hillary, mjukuu wa Phelista, dadake Nabwile, alisoma fizikia miaka mitatu pale chuo kikuu, kisha akaacha. Kwa nini aliacha hakuna anayejua, maana kila akiulizwa anatoa sababu mpya. Mdomo wake haukuwa na breki. Kuna mwaka alitangazia wamama wa kanisa ati serikali inakuja kuhesabu kuku, na kuku wa kijiji kizima wakashinda chini ya vitanda. Sasa mwezi uliopita, kwa harusi huko Ndalu, alipewa maiki asalimie watu dakika moja. Akachukua ishirini. Akasema wasomi wamegundua kuna dunia nyingine kando ya hii, nyingi kama punje za mahindi, na katika kila moja mambo yalienda vingine. Huko chuoni wamefungua mlango kidogo, yeye mwenyewe akachungulia, akaona Hillary mwingine ambaye ni askofu. Watu walicheka mpaka wakamwaga soda.

Nabwile hakucheka. Alingoja amalize, akamfuata pale kwa sufuria ya nyama, akamuuliza polepole kama kuna dunia ambayo Wepukhulu yuko nyumbani. Hillary, mdomo umejaa kuku, akamjibu nyanya yake bila hata kufikiria.

"Yuko, kukhu. Amenona. Ana kitambi."

Mzaha mzaha, hutumbua usaha. Nabwile alirudi Matulo na hicho kitambi kichwani. Mwezi mzima alikuwa akikiona: Wepukhulu amekaa kwa kiti chake, vifungo vya shati la bluu vinakataa kufungika. Halafu alimwambia Matthew hatazika mtu ambaye huenda ako mahali anakula.

Sasa hapo stoo, Hillary alikuwa anadunga magunia. Alishika bambo, kile chuma chenye tundu na ncha, ambacho ukidunga gunia kinakutemea mahindi ya ndani kabisa, ndio mwenye gunia asikufichie yaliyooza katikati. Alipoona kukhu yake, alifungua mikono na kuanza kusema jinsi Kitale imepata mgeni wa heshima. Nabwile akageuza ndoo tupu, akakaa juu yake.

"Nionyeshe huo mlango," akasema.

Hillary alitafuta kicheko kwa macho ya Nabwile, akakikosa. Wabeba gunia wawili walikuwa wamesimama kusikiliza. Ikabidi aseme ukweli, na ilionekana kazi hiyo hakuizoea: hakuna mlango, hakuchungulia kitu, ilikuwa ni stori ya harusi. Nabwile hakutingisika. Alimwambia hata uongo huwa na mama. Huo wake ulizaliwa na nini? Si alisoma?

Hillary akachuchumaa mbele yake. Akaeleza, safari hii bila mbwembwe, kwamba jambo lenyewe watu wakubwa wanalifikiria kweli. Kuna wanaofanya hesabu, na hesabu zao zinataka dunia ziwe nyingi. Kuna wengine ambao hesabu zao zinataka hata hii yetu iwe na upande mwingine, zaidi ya mbele, kando na juu, upande uliojikunja ndani kwa ndani mpaka jicho halina pa kuuanzia. Lakini hesabu ni hesabu.

Akainua bambo. "Kukhu, hii dunia ni kama gunia limeshonwa. Ndani tunakisia tu. Watu wameunda mashine kubwa za kudunga, wakadunga. Zimetoka tupu."

Nabwile alimpokonya hilo bambo, akaliangalia, akalipima kwa mkono wake kuanzia kidole mpaka kiwiko.

"Tupu kwa sababu hakuna mahindi," akauliza, "ama kwa sababu bambo ni fupi?"

Mbeba gunia mmoja akapiga mluzi. Hillary akasema hapo ndipo hata walimu wake walikuwa wanakwama. Hakuna anayejua. Na hata kama hizo dunia ziko, kwa jinsi anavyoelewa yeye hakuna barabara kati yao. Wepukhulu wa huko hawezi kuja huku. Hajui hata kama huku kuna mtu anamngoja.

Hapo ndipo Nabwile alitoa lile lililomleta, ambalo hakuwa amewahi kuambia mtu, hata Phelista. Asubuhi ile ya lori, Wepukhulu alikuwa amesimama kwa mlango akamuuliza: niende, ama nibaki tupalilie? Na yeye, kwa sababu walikuwa wamekosana jana yake juu ya ndama, alimjibu aende. Neno moja. Kwa hivyo haja yake haikuwa mlango wa kupitia. Alitaka tu kujua kama mahali fulani kuna Nabwile aliyesema baki.

"Kama ziko, yuko," Hillary akasema. Akakuna kichwa. "Lakini kukhu, kama ziko, basi kuna pia yule aliyesema baki, na mzee akaenda tu. Wewe ndiye ulimjua. Alipokuuliza, alikuwa amevaa nini?"

"Viatu vya safari."

"Na begi?"

Nabwile aligeuka akaangalia mlango wa stoo. Nje, mtu alikuwa anahesabu magunia kwa sauti na akapotea hesabu akaanza tena.

"Lilikuwa kwa lori," akasema mwishowe. "Alikuwa ameshalipandisha."

Miaka kumi na tisa alikuwa amesikia swali, hakuwa ameliona begi. Huyo alikuwa mwanamume ambaye ukimuuliza chai au uji, anakunywa maji. Katika dunia hizo zote, ziwe tatu au ziwe gunia zima, ni ngapi angebaki? Alijikuta anacheka, machozi yakimtoka, na Hillary kwa mara ya kwanza hakujua aweke wapi mikono yake.

Nabwile akasimama. Akamwambia avue koti la stoo, wanaenda wote Matulo.

Jumamosi, watu walipomwona Hillary wakaanza kucheka kabla hajasema kitu. Nabwile akamsimamisha mbele yao. Hillary akasema hakuchungulia mlango wowote, na kama kuna dunia nyingine hajui, na waliosoma kumshinda pia hawajui. Watu wakaguna, mmoja wa nyuma akasema huyu bado anatucheza. Nabwile akawaambia wamuamini leo, maana hajawahi kumsikia akisema hajui.

Kisha akaenda kwa mgomba. Akatoa shati, akaliweka juu yake. Pindo la shati lilipita mgomba kwa shibiri nzima.

"Matthew," akasema, "huyu ni nani?"

Shemeji akaanza kueleza ati migomba mirefu bado ina ndizi changa, ati ni ishara tu. Nabwile akakunja shati lake, akalirudisha kwa mkoba. Akasema Wepukhulu alikuwa anainama akiingia kila nyumba hapa, na hatazikwa akiwa mfupi. Wazee wakatazamana. Hatimaye Matthew akachukua panga mwenyewe, Hillary nyuma yake, na padri akangoja, na jeneza likabidi liongezwe ubao.

Mgomba wa pili uliletwa mabegani mwa watu wanne, ndizi changa na zote. Nabwile akauvalisha shati, akafunga kila kifungo. Vilifungika vizuri. Hakukuwa na kitambi.

Alipopewa udongo wa kwanza, aliushika kwanza mkononi, akainama juu ya shimo kama mtu anayemsemesha aliye ndani ya nyumba.

"Ungeenda tu," akamwambia, na akauachilia.