Ng'ombe wa Bibi Wilhelmina

Mwaka ule wa tisini na tisa, soda zilipokuwa zimejaa hadi kwenye vioski vya Misungwi, Bibi Wilhelmina alikuwa na siri: nyuso za watu zilianza kumjia kama zimefunikwa na moshi. Na baada ya mavuno, ng'ombe wa mahari ya mjukuu wake Queen walikuwa wanakuja. Katika ukoo wao, ng'ombe hawavuki lango la zizi mpaka bibi wa binti achague mmoja wa kwake kwa macho yake mwenyewe. Akishindwa, anayechagua ni wifi yake, Dorcas, na Dorcas alishaanza kunyoosha shingo.

Queen aligundua, akamburuta hadi hospitali Mwanza mjini.

"Shikamoo, bibi," alisema Daktari Longino. "Una sukari?"

"Marahaba, baba. Ninayo, ya kwenye chai."

Daktari akacheka. Akampima, akamwambia sukari ipo kwenye damu pia. "Nyuma ya jicho kuna vimishipa vyembamba kama uzi. Sukari ikizidi, vinavimba na kuvuja. Mwili una protini zake za ulinzi, ndizo zinazotuliza uvimbe huo."

"Kama sungusungu wanaolinda kijiji usiku?"

"Hasa! Lakini ukiwamwagia sukari kila siku, wanaelemewa."

"Kumbe mimi ndiye ninayewaletea wezi!"

Alichomwa machoni kwa mwanga mkali wa kuziba mishipa inayovuja, akapewa vidonge. Soda akaziaga, na chai ikawa chungu.

"Wifi, siku hizi unakunywa chai ya mahabusu?" Dorcas alimtania.

"Nawahurumia sungusungu wangu," alijibu, na Dorcas akadhani uzee umeingia kichwani.

Moshi haukuisha wote, ila ulipungua.

Siku ikafika. Luhaga, mjomba wa bwana harusi, alikuwa amesikia minong'ono ya macho ya bibi. Akamtanguliza dume mmoja mnene, akambana ubavu mmoja kwenye ua wa miti.

"Huyu hapa, mama! Mafuta matupu!"

Dorcas akamnong'oneza, "Chukua tu, wifi, au nikuchagulie?"

Bibi Wilhelmina alisogea polepole, akazunguka mbele ya yule dume. Jicho la upande wa ua lilikuwa jeupe kama maziwa ya mgando.

"Weee Luhaga! Mbona huyu umemficha jicho?"

Luhaga akakosa pa kutazama. Vigelegele vikalipuka, na Dorcas ndiye aliyepiga kwa sauti kuliko wote.

"Mrudishe kwenu," bibi alisema akicheka mpaka machozi, "kamnyime soda. Mimi nampenda yule mtamba wa madoa, aliyesimama nyuma kabisa, mwenye ncha ya mkia nyeupe."

Watu wote wakageuka kutazama. Mkia ulikuwa na ncha nyeupe kweli, na lango likafunguliwa.