Matanga ya Maji ya Mama Florentine

Mama Florentine alishusha ndoo kisimani kabla chai haijachemka, kama alivyofanya kila asubuhi tangu aolewe huko Kabondo. Alipovuta, kamba ilikuwa nzito kupita kawaida. Akamwita jirani yake Priscille, wakakaza vitenge viunoni na kuvuta pamoja. Yalitoka maji yote ya kisima kwa mara moja, yameshikana, urefu wa mwanamke mtu mzima, yamelegea mikononi mwao. Juu yake palikuwa na ule utando wa rangi rangi unaoonekana kwenye madimbwi ya gereji. Yalinuka mazuti, dizeli ya malori.

"Maji imekufa," Priscille akasema.

"Ilikuwa mugonjwa tangu zamani. Leta mukeka."

Kisima kilichimbwa na marehemu Hilaire, mume wa Florentine, na avenue nzima, mtaa wote, ilikunywa maji yake. Nyuma ya ukuta wa ua kuna depo ya mafuta, na chini ya depo kuna tangi linalovuja. Kwanza chai ilianza kunuka, kisha watoto wakaanza kujikuna hadi kutoka damu. Watu walipolalamika, kampuni ilizamisha bomba la kupimia maji ya ardhini na kumleta fundi wake, Lambert, apime kila mwezi. Bomba lenyewe liliwekwa upande wa juu, maji yanakotoka kabla hayajafika kwenye tangi. Kila mwezi yakaonekana safi.

"Munapima mutu mwenye hajakula," Florentine alimwambia siku moja, "kisha munasema chakula haina sumu."

Lambert alijibu kwamba pale ndipo alipoambiwa apime.

Wanawake walimwosha marehemu, yale maji ya kisima, kwa maji ya mvua, wakamfunika shuka jeupe, likaingia doa la njano papo hapo. Watu walidhani matanga yatakaa nyumbani kwa Florentine. Yeye akaamuru matawi ya mchikichi, mandalala yale yanayowekwa barabarani penye msiba, yakasimikwe mbele ya geti la depo. Kitanda cha marehemu kikapelekwa huko, na turubai, na viti vya plastiki. Kwaya ya parokia ikaimba. Waendesha toleka walipunguza mwendo wa baiskeli zao, na abiria waliowabeba wakavua kofia.

Lori la mafuta lilifika kupakia. Dereva wake, Aboubakar, hakuwa mtu wa kukanyaga mandalala. Alizima injini, akashuka, akawapa pole wafiwa wote kwa mkono, akapewa kiti na sahani ya pondu ya majani ya muhogo. Malori mengine yakajipanga nyuma yake, na madereva nao wakaja kula.

Ndipo meneja wa depo, Bwana Arthur, akatoka na shada la maua ya plastiki.

"Pole sana, mama. Bon, joto inapanda. Kampuni italeta udongo, tunajaza kisima, tunamwanga beto ya simenti juu. Ni vizuri tuzike leo."

Florentine alimtazama kwa hasira ambayo hakujisumbua kuificha. Alijua vizuri kisima kikishajazwa hakuna atakayeonyesha kitu tena.

"Hapana. Mutoto hazikwe mbele ya banoko kuambiwa alikufa na nini."

"Na banoko ni banani?"

"Sisi. Hii avenue yote. Tuambie nini iliua, mbele ya batu. Kisha mufukue ile citerne yenye inavuja, musafishe udongo. Siku ile tutazika, na wewe utalia pamoja na sisi."

Wajomba wa marehemu, hao banoko, huwa na haki hiyo katika kila matanga, na Arthur, ambaye naye alikwisha kuwazika wazee wake, hakuweza kuipinga. Akamwita Lambert. Lambert akapita karibu na kitanda, akaomba samahani kwa marehemu, akaenda kushusha mrija wake kwenye bomba la upande wa juu. Akarudi.

"Maji iko muzuri," akasema, huku akiangalia viatu vyake.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu kuwasha sigara alikumbuka mazuti, akainuka bila kuambiwa, akahamia mbali na kitanda. Arthur naye akarudi nyuma hatua kadhaa.

Kampuni ilitoboa ukuta wa nyuma, ikaweka geti jingine. Malori hupita huko sasa. Tangi liko palepale na bado linavuja. Florentine na jirani zake hubeba bidoni hadi mtoni kuteka maji, na migongo inawauma. Marehemu hajaoza, kwa sababu mafuta yamemhifadhi. Udongo wa kampuni umeletwa mara nyingi, na kila ulipoletwa umekuta wanawake wameketi ukingoni mwa kisima wakichambua mboga, ukarudishwa. Mandalala yakikauka, Florentine husimika mabichi.

Lambert bado huja kila mwezi. Husalimia kwanza, kama inavyopasa.

"Alikufa na nini?" Florentine humwuliza.

"Mama, mimi napima kule juu tu."

"Basi, kaa. Matanga haijaisha."

Humsogezea kiti, upande wa kichwa cha marehemu, pale harufu ilipo kali zaidi. Lambert hukaa.