Hodi ya Tatu

Lorraine Nafula alijivunia jambo moja: programu yake haimlazimishi mtu. Wahudumu wa afya wa Kayole wakitaka kutoa orodha ya wagonjwa kwenye faili la maandishi, wachague wenyewe alama ya kutenganisha safu: jina, maelekezo ya nyumba, namba ya simu. Asiyechagua anapewa koma. Kwani kuchagua kuna ugumu gani?

Mama Norah, mhudumu mpya anayewapelekea wazee dawa za presha nyumbani, hakuchagua. Alibonyeza "Sawa" kama tunavyobonyeza sote, akachapisha karatasi, akashika njia.

Jumamosi Lorraine alipoenda kumwona baba yake, Mzee Zedekiah, alimkuta ameinama, kichwa mikononi. Pakiti ya dawa mezani ilikuwa tupu.

"Baba! Tangu lini?"

"Tangu waanze na ile programu yako," mzee akasema polepole. "Ningelalamikaje, na majirani wote wa ploti nimewatangazia ni kazi ya binti yangu?"

Aibu ilimshika Lorraine, na hofu ikaishinda aibu. Akampigia Mama Norah simu, naye akaja mbio na dawa, karatasi mkononi.

"Mimi nilikuja, Lorraine. Nikapiga hodi mara tatu, kimya. Na hodi ya tatu isipojibiwa, si mtu unaenda zako? Nikadhani mzee amerudi ushago, kijijini kwake."

Karatasi ilisema: "Mlango wa bluu nyuma ya bucha." Basi. Lakini Lorraine ndiye aliyeyaandika maelekezo yale, na aliyakumbuka yote: mlango wa bluu nyuma ya bucha, gonga kwa nguvu, mzee hasikii vizuri. Nyumba za huku hazielekezwi kwa namba, zinasimuliwa, na msimulizi hakosi koma. Penye koma programu ilikata, ikasukuma yaliyobaki safu za pembeni, yakaangukia nje ya karatasi pamoja na namba ya simu.

"Lakini Mama Norah, si mahali pa kubadilisha alama papo?"

"Nibadilishe nikijua nini? Wewe ndio fundi. Nilijua ukiniwekea, umeniwekea poa."

Mzee alipokwisha kumeza dawa, Lorraine alifungua laptopu palepale, akaiondoa koma, akaweka mstari wima, alama ambayo hakuna mtu wa Kayole aliyewahi kuitumia kuelekeza nyumba.

Zamu iliyofuata ya dawa, karatasi ya Mama Norah ilisema yote, na mlango wa bluu ulipigwa mpaka sufuria zikalia.

"Nani huyo anataka kunivunjia mlango?" alifoka Mzee Zedekiah, huku anacheka, ameshasimama kwenda kufungua.